Kalamu ya Mti: Kuikereza, Kuimaliza na Kuiuza kwa Haki



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, kaka na dada, somo letu la leo ni la mikono. Tutajifunza jinsi kipande cha mti cha upana wa kidole gumba kinavyogeuka kuwa kalamu ya kuandikia kwa kutumia mashine ya kukereza, na jinsi kalamu hiyo inavyomalizwa hadi iwe laini na imara. Mwishoni tutazungumza juu ya kuiuza. Wengi wetu tunakaribia kumaliza masomo bila kujua kazi itatoka wapi, na ufundi mdogo unaoanza kwa mtaji mdogo unastahili kutazamwa kwa makini. Lakini ufundi huu una mitego yake, na mmoja wa mitego hiyo unagusa dini moja kwa moja.

1. Neno "kalamu" na safari yake

Kwa Kirundi tunasema *ikaramu*, kwa Kiswahili kalamu, kwa Kiarabu *qalam*. Wayunani wa kale walisema *kalamos*, na maana yake ni tete, ule mmea wenye shina la uwazi unaoota kando ya maji. Kalamu ya kwanza iliyobeba jina hili ilikuwa ni tete lililokaushwa, likakatwa ncha kwa kisu na kuchovywa katika kidau cha wino. Muislamu anajua kwamba chombo hiki kimetajwa katika aya za mwanzo za Sura al-Alaq, na kwamba sura ya 68 imepewa jina lake.

Ndiyo maana wasomi wa Kiislamu waliichukulia kalamu kama chombo cha kupimwa, si cha kuokotwa tu. Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa hati aliyefariki Baghdad mwaka 940, aliweka utaratibu wa kupima herufi kwa nukta: nukta ni alama inayoachwa na ncha ya kalamu ikigandamizwa mara moja, na urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta hizo. Ncha ikikatwa vibaya, kipimo chote kinaharibika. Baada yake Ibn al-Bawwab, aliyefariki mwaka 1022, aliendeleza kazi hiyo. Msahafu alioundika kwa mkono wake mwaka 391 Hijria umehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin.

Hata kalamu yenye wino ndani yake si jambo jipya. Kadhi al-Nu'man, aliyefariki mwaka 974, ameandika kwamba khalifa wa Kifatimi al-Mu'izz aliwataka mafundi wake watengeneze kalamu inayobeba wino wake yenyewe, isiyochafua mkono wala nguo hata ikigeuzwa juu chini. Fundi akaitengeneza. Karibu miaka elfu moja baadaye, mwaka 1938, László Bíró wa Hungaria alisajili hataza ya kalamu ya kigololi, na mwaka 1950 Marcel Bich akaanza kuuza Ufaransa kalamu ya plastiki ya bei nafuu ambayo sote tunaijua. Tangu hapo kalamu ikawa kitu cha kutumia na kutupa. Kalamu ya mti inarudisha sehemu ya heshima hiyo ya zamani: mrija wa wino ukiisha unabadilishwa, mwili wa kalamu unabaki.

2. Mashine ya kukereza hufanya nini

Katika uchongaji wa kawaida, mti umetulia na chombo kinatembea. Katika ukerezaji ni kinyume: mti unazunguka na patasi inatulia juu ya egemeo, ikisogezwa taratibu. Kwa sababu hiyo kila kinachotoka kwenye mashine hii ni cha mviringo: mguu wa meza, nguzo ya ngazi, mpini, bakuli, kalamu.

Ufundi huu ni wa kale katika nchi za Waislamu. Madirisha ya mashrabiya ya Cairo yameundwa kwa vipande vingi vidogo vilivyokerezwa kimoja kimoja na kuunganishwa bila misumari. Mafundi wa zamani waliuzungusha mti kwa uta: kamba ya uta ilizungushwa kwenye kipande cha mti, mkono mmoja ukavuta na kusukuma uta, na patasi ikashikwa kwa mkono wa pili ikisaidiwa na mguu. Huku kwetu Afrika Mashariki, mafundi wa Lamu wamejulikana kwa vitanda vyenye miguu iliyokerezwa. Na hapa Bujumbura, kerezo linapatikana katika karakana za maseremala wanaotengeneza miguu ya vitanda na meza. Mwanafunzi hahitaji kununua mashine ili ajifunze. Anahitaji fundi atakayemkubalia kukaa naye Jumamosi kadhaa, na adabu ya mwanafunzi mbele ya mwalimu: kufika mapema, kufagia maranda, kuuliza kabla ya kugusa.

Mashine ina sehemu nne za kuzijua. Kichwa cha mbele kina mhimili unaozungushwa na mota, na kwenye mhimili huo kuna meno yanayoshika mti. Kichwa cha nyuma kina ncha kali kama koni inayoukandamiza mti upande wa pili. Kati yao kuna kitanda cha mashine, na juu ya kitanda kuna egemeo la patasi.

Kasi ni jambo la hesabu. Mota nyingi za umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Ukiweka puli ya sentimita 10 kwenye mota na puli ya sentimita 5 kwenye mhimili, mti utazunguka mara 2,900 kwa dakika. Je, hiyo ni kasi ya hatari? Inategemea unene. Kalamu ya milimita 12 ikizunguka kwa kasi hiyo, uso wake unapita mbele ya patasi kwa takriban mita 1.8 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mguu wa meza wenye unene wa milimita 100 kwa kasi hiyo hiyo unapita kwa mita 15 kwa sekunde, na ukichomoka unaweza kuvunja taya. Kwa hiyo kalamu inavumilia kasi kubwa, na kwa kweli inaihitaji ili ikatwe safi. Kazi nene ianze polepole. Usiache puli ilivyowekwa na mtu mwingine bila kuikagua.

3. Kuchagua mti

Mti wa kalamu uwe mgumu, wenye nyuzi za karibu karibu, na uwe mkavu. Hapa Burundi tunao wa kutosha bila kukata mti hata mmoja kwa ajili hiyo:

*Mkahawa.* Wakulima hukata mashina ya mikahawa iliyozeeka ili ichipue upya. Mashina hayo huishia jikoni kama kuni. Ni mti wa rangi ya maziwa yaliyoiva, mgumu na laini kwa pamoja, na hukerezeka vizuri. Kalamu ya mkahawa wa Burundi ina habari ya kumweleza mgeni.

*Mwembe.* Una mawimbi ya rangi, wakati mwingine michirizi meusi iliyotokana na kuvu. Hupatikana matawi yanapopunguzwa mitaani. Nyuzi zake hugeuka geuka, basi patasi iwe kali sana.

*Greveleya.* Imepandwa mashambani kote. Ni laini kidogo kwa kalamu, lakini ukikatwa sawasawa unaonyesha madoa yanayong'aa. Ni mti mzuri wa kujifunzia.

*Mpingo.* Huu ni mti wa Tanzania na Msumbiji, mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini, ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Unapendeza mno kwa kalamu, lakini unakua polepole sana, na tangu mwaka 2017 umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ukiupata, uwe ni vipande vilivyobaki kwa mafundi wanaoupata kwa njia halali. Tutaurudia mbele, kwa sababu ndio mti unaoghushiwa kuliko mingine.

Ukavu ndio roho ya kazi yote. Mti mbichi ukikerezwa leo, utanywea kesho, na kalamu itapinda au kupasuka. Pasua vipande vya sentimita 2 kwa 2, paka nta au rangi kwenye ncha zake mbili ili maji yasitoke huko kwa haraka, kisha viweke kivulini penye upepo, si juani. Utajuaje kama vimekauka? Vipime kwa mizani ndogo ya jikoni kila wiki na uandike uzito. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mti umelingana na hewa ya mahali ulipo. Jihadhari: vipande vilivyotulia wakati wa masika, hewa ya mji huu wa ziwani ikiwa na unyevu, vitanywea tena kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mwenye subira huvimaliza kuvikausha kiangazi.

4. Kabla ya kuwasha mashine

Miwani ya kinga ni lazima, na kitambaa au barakoa ya kuzuia vumbi pia. Vumbi la miti migumu huwasha pua na kifua. Kanzu haivaliwi mbele ya kerezo. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko au ibanwe. Dada apachike ncha za mtandio ndani ya vazi, au avae ushungi mfupi uliobana. Glavu zisivaliwe, kwani kitambaa kikinaswa, mkono unafuata. Saa na pete vivuliwe. Kisha zungusha mti kwa mkono mara moja uhakikishe haugusi egemeo, ndipo uwashe.

5. Hatua za kazi

Duka la nje huuza vifaa vya kalamu vilivyo tayari: mirija ya shaba ya milimita 7, ncha na kibanio. Hapa kwetu si rahisi kuvipata, na bei yake ya usafiri inakula faida. Tutatumia njia inayofanana na ya kiwanda cha penseli, pamoja na mrija wa wino wa kalamu ya kawaida ya dukani.

*Kwanza, mfereji.* Chukua vipande viwili vya urefu wa sentimita 15, upana wa milimita 18 na unene wa milimita 9, vilivyotoka kwenye ubao mmoja ili nyuzi zifanane. Viranda nyuso mpaka vikikutanishwa mwanga usipite. Pima unene wa mrija wako wa wino kwa kalipa; mingi ni karibu milimita 3. Chimba katikati ya kila kipande mfereji wa nusu duara unaozidi nusu ya mrija kidogo tu. Tumia tupa ya mviringo na rula ya chuma kama mwongozo.

*Pili, gundi.* Paka gundi ya seremala nyembamba pande zote mbili, mbali kidogo na mfereji. Laza ndani waya ulionyooka wenye unene wa mrija, uliopakwa nta. Vikutanishe vipande, vibane kwenye jiliwa. Baada ya dakika chache, gundi ikianza kushika, chomoa waya. Nta inauzuia usigande, na njia inabaki safi. Acha mpaka kesho yake.

*Tatu, kufunga kwenye mashine.* Ncha ya koni ya kichwa cha nyuma iingie kwenye tundu la mfereji. Hii ndiyo siri ya kupata kalamu iliyo sawa: mti unazunguka kwa kufuata tundu, basi ukuta utakuwa na unene mmoja pande zote. Upande wa mbele, meno ya mhimili yakate mstari wa gundi kama msalaba. Yakilala juu ya mstari huo yataupasua kama shoka linavyopasua kuni.

*Nne, kuondoa pembe.* Weka egemeo karibu na mti, usawa wa katikati yake au chini kidogo. Tumia patasi yenye mdomo wa mviringo. Mpini uwe chini, mgongo wa makali uguse mti kwanza bila kukata, kisha inua mpini polepole mpaka maranda yaanze kutoka. Ukisikia mlio wa kugonga, pembe bado zipo. Mlio ukiwa mmoja mfululizo, mti umekuwa duara. Usianzie ncha ya mti kuelekea katikati. Anza ndani kidogo, tembea kwenda nje.

*Tano, umbo.* Simamisha mashine, pima. Unene wa milimita 11 hadi 12 unafaa mikono mingi pale vidole vinaposhika, na nyuma unaweza kupungua mpaka 9. Kata kila mara kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Ukipanda kilima, patasi itazivuta nyuzi na kung'oa kipande. Patasi ya mshazari huacha uso laini kuliko zote, lakini ni kali kwa mwanafunzi: itumie sehemu ya katikati ya makali, kamwe si ncha yake ya juu. Noa patasi mara kwa mara. Ukiona unga badala ya maranda, patasi yako ni butu.

*Sita, tundu la mbele.* Kata ncha zote mbili kwa msumeno mwembamba mpaka kalamu ibaki sentimita 13 au 14, kwa kulingana na mrija wako. Kishikio cha kigololi ni kinene kuliko mrija. Panua tundu la mbele kwa biti inayokilingana, kwa kina chake tu, ili kikae kwa kubana bila gundi. Gundi hapa itafanya mrija usibadilishwe. Halafu toboa tundu la milimita 1 ubavuni. Kalamu ya plastiki nayo ina tundu kama hilo: wino unaposhuka, hewa lazima iingie nyuma yake, la sivyo wino utakwama.

6. Kumalizia

Mafundi wengi wa umbo ni wabovu wa kumalizia, kwa sababu hapa mwili umechoka na macho yanataka kuona kalamu imekwisha. Lakini mnunuzi hashiki umbo, anashika uso.

Kabla ya kuipiga msasa, rudisha kalamu kwenye mashine na uondoe egemeo, maana kidole kikibanwa kati ya egemeo na mti huvunjika. Anza na msasa namba 150, kisha 220, 320, 400 na 600. Usiruke namba. Kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka, mikwaruzo mikubwa itabaki na itaonekana pale tu utakapopaka nta, wakati umeshachelewa. Baada ya kila namba simamisha mashine na piga msasa kwa mkono, kwa urefu wa nyuzi. Kabla ya namba ya mwisho, futa kalamu kwa kitambaa chenye unyevu. Vinyweleo vya mti vitasimama. Vikikauka, vikate kwa msasa wa 600. Jasho la mkono halitavisimamisha tena.

Kisha chagua kinga ya uso. Zipo tatu za kawaida:

*Mafuta na nta.* Paka mafuta ya kitani, acha siku kadhaa yakauke, kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto pamoja na mafuta hayo, fungu moja la nta kwa mafungu matatu ya mafuta. Sugua mashine ikizunguka mpaka kitambaa kipate joto. Uso unakuwa wa asili na mtulivu, ila huchakaa na huhitaji kupakwa tena baada ya miezi. Usitumie mawese badala ya mafuta ya kitani. Mawese hayakauki, yatanata na kuoza. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni: hupata joto vyenyewe mpaka vikawaka moto. Vitandaze nje vikauke.

*Shelaki.* Ni utomvu wa mdudu, unaoyeyushwa kwa spiriti. Unang'aa haraka na kwa uzuri. Udhaifu wake ni kwamba kile kilichoiyeyusha kinaweza kuiyeyusha tena: mtu akipaka dawa ya kutakasa mikono yenye alkoholi kisha akashika kalamu, uso utanata. Baadhi ya wasomaji watauliza hukumu ya spiriti yenyewe. Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja juu ya unajisi wa alkoholi isiyo ya kunywa; muulize sheikh unayemwamini, na ukibaki na shaka, nta inakutosha.

*Supaglu.* Hupakwa tabaka nyembamba nyingi, kisha hupigwa msasa na kung'arishwa. Ndiyo kinga ngumu kuliko zote, inavumilia jasho la miaka. Kasoro yake ni kwamba mkono unahisi plastiki badala ya mti, na moshi wake huchoma macho. Nayo ikigandia vidole, inaziba ngozi na kuzuia maji ya udhu yasifike. Iondoe kwa asetoni au kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kutawadha, usingoje adhana ndipo uanze kujikwangua.

7. Kuuza: hapa ndipo mtihani ulipo

Kalamu ya mti haishindani na kalamu ya plastiki ya dukani, na asiyelijua hilo atavunjika moyo. Soko lake ni la zawadi: mahafali, mgeni wa chuo, mwalimu anayestaafu, na ile siku bwana harusi, walii na mashahidi wanapotia saini.

Tuanze na hesabu ya mfano. Tuseme mti, mrija, msasa, nta na kodi ya mashine vinagharimu faranga 4,000 kwa kalamu moja. Umetengeneza 10, gharama ni 40,000. Mbili zimevunjika. Zilizobaki ni 8, basi gharama halisi ya kila moja ni 5,000, kabla hujajilipa hata saa moja ya kazi. Wanaosahau zilizovunjika huuza sana na kubaki na deni.

Sasa tuseme mwanafunzi ameagizwa kalamu 30 za mpingo kwa ajili ya mahafali. Anakutana na mitihani miwili. Wa kwanza: mpingo hautoshi, na jirani anamfundisha kwamba mkahawa uliotiwa rangi nyeusi hautofautishwi na mtu asiye fundi. Wa pili: siku mbili kabla ya kukabidhi, kalamu nne zimefunguka ufa wa unywele kwenye mstari wa gundi. Ufa huo ukijazwa supaglu na unga wa mbao kisha ukapigwa msasa, hauonekani kabisa.

Mtihani wa kwanza hauna mjadala. Kuuza mti kwa jina la mti mwingine ni ghushi. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita kwenye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, akakuta ndani kumelowa na juu kukavu, akamkemea mwenye mali kwa kutoliweka lililolowa juu watu walione. Rangi nyeusi juu ya mkahawa ni lile tabaka kavu la juu.

Mtihani wa pili unataka kufikiri zaidi. Kuziba ufa si haramu kwa dhati yake. Mafundi wote huziba fundo na nyufa, na ni sehemu ya kazi. Swali ni mambo mawili. Je, kasoro imepona au imefichwa tu? Ufa uliotokea kwa sababu mti haukukauka utafunguka tena kiangazi, na hakuna supaglu itakayouzuia. Na je, mnunuzi anajua? Fiqhi inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kukipokea. Basi njia safi ni moja: zile nne zitengwe, mwagizaji aambiwe mapema kwamba ziko 26, na apewe hiari ya kungoja, kupunguziwa bei au kupokea nne zilizozibwa huku akijua. Ni mazungumzo mazito ya dakika tano. Ukiyakwepa, utayafanya mwezi Julai mbele ya watu wengi zaidi.

Andika mkataba pia. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kuuza kitu cha kuelezwa ambacho hakijatengenezwa huingia katika salam, na sharti lake ni bei yote kulipwa katika kikao cha mkataba. Wanazuoni wa Hanafi wameruhusu istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, ambapo malipo yanaweza kuchelewa au kugawanywa, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliipitisha mwaka 1992. Kwa vyovyote vile, aina ya mti, idadi, vipimo, bei na siku ya kukabidhi viandikwe. Mizozo mingi ya mafundi na wateja ingekufa kwa karatasi moja.

Usione haya kwamba msomi wa chuo kikuu anasimama kwenye maranda. Imepokewa katika Bukhari kwamba Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mkono wake, na katika Muslim kwamba Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Kwa nini ncha ya koni huwekwa ndani ya tundu la mfereji? Nini kitatokea mti ukifungwa kwa kufuata umbo lake la nje?

2. Mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika, puli yake ni sentimita 8 na ya mhimili ni sentimita 4. Tafuta kasi ya mhimili, kisha kasi ya uso wa kalamu ya milimita 11 kwa sekunde.

3. Mteja anataka kalamu inayong'aa kama kioo, na anafanya kazi hospitali ambako hutakasa mikono kila mara. Utamshauri kinga gani ya uso, na kwa nini?

4. Fundi amekuambia kwamba "kila mtu anatia rangi, na mteja anajua." Je, desturi ya soko inaondoa ghushi? Mteja akiwa anajua kweli, hukumu inabadilika?

5. Je, ni vipande gani vya mti vinavyochomwa au kutupwa karibu na unapoishi ambavyo vingeweza kufaa? Leta kimoja wiki ijayo, kikiwa na tarehe na uzito wake wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.